Chui wa Jumamosi

Hakuna mtu aliyewahi kuandika habari za ule msitu vizuri kunishinda mimi. Ni kweli pia kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuziandika, na shule yenyewe niliishia ya msingi, dawati la nyuma, pamoja na wale waliokuwa wanasubiri kengele. Kwa hiyo ubingwa wangu ni wa mtu aliyekimbia peke yake. Haya, tuingie msituni.

Msitu uko pale mji unapokoma, nyuma ya kiwanda cha matofali. Langoni pana ubao wa halmashauri: MSITU HUU NI WA WOTE. Na ulikuwa wa wote kweli, kwa utaratibu uliojipanga wenyewe bila kikao wala posho. Wakimbiaji walipita alfajiri, wakihema kama wanafukuzwa. Wanawake wa kuni walikuwa na siku zao, wakiokota zilizokauka na kuacha zilizo mbichi. Watu wa maombi waliachiwa upande wa mawe, kwa sababu wana sauti na mawe hayana masikio. Wapenzi walikaa popote, na sisi wengine tukajifunza kukohoa kabla ya kukata kona.

Njia nzuri kupita zote ilikuwa ya kijito. Ilishuka taratibu chini ya miti mikubwa, ikapita kwenye mwamba mpana ambapo maji yanatulia, kisha ikakutoa kwenye uwazi upande wa pili, ukiwa umechoka kidogo na una kiu. Na hapo penye kiu yako ndipo ilipokuwa meza ya Mama Vikombe.

Walimwita hivyo kwa sababu vikombe vyake havikufanana hata viwili. Aliuza chai, mkate na mayai ya kuchemsha. Mumewe alikuwa mlinzi wa lango la msitu. Kazi yake ilikuwa kunyanyua mti wa kizuizi gari likija na kuushusha likishapita, na waendao kwa miguu walipita pembeni bila hata kumtazama. Alivaa sare ya halmashauri iliyopauka, kifua mbele, na watu wakampachika jina la Kamanda. Wao walikuwa wanamcheka. Yeye alidhani amepandishwa cheo.

Waliishi vyumba viwili, wao, watoto wao, na mama yake Kamanda, bibi mmoja mwenye imani kubwa na mwanawe kuliko ushahidi uliopo. Mshahara wa Kamanda ulikuja kama mgeni wa mbali, bila taarifa, na haukulala. Nyumba ililishwa na meza. Kila mtu mle ndani alijua hivyo, na hakuna aliyethubutu kusema, maana Kamanda alikuwa mtu wa kununa.

*

Sasa kulikuwa na klabu. Iliitwa Pumzi Safi. Wanachama wake walikuja na magari kila Jumamosi ili watembee kwa miguu. Walivaa kofia pana na soksi ndefu, wakashika fimbo mbili kila mmoja, ingawa mteremko wa pale ni mdogo na miguu yao mizima. Waliagiza chai kwa Mama Vikombe, wakauliza maji yamechemshwa kwa dakika ngapi, wakanywa nusu, wakapiga picha na wanawake wa kuni bila kuwaomba, wakaondoka wamepona.

Mwenyekiti wao alikuwa Daktari wa Meno, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukuambia haitauma. Jumamosi moja alisimamisha gari langoni, akashusha kioo.

"Shikamoo, Daktari," Kamanda alisema.

"Marahaba."

Daktari alikuwa na umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho, lakini aliipokea ile shikamoo kama mtu anayepokea koti lake mwenyewe.

"Kamanda, ile njia ya kijito imechafuka sana."

"Nitaifagia leo leo, Daktari."

"Sizungumzii majani. Nazungumzia watu. Mtu umekuja upumue, unakutana na mwanamke ana mzigo wa kuni kichwani, inabidi wewe ndiye umpishe. Unavumilia. Unafika mwisho wa njia, moshi wa jiko la mkaa. Yule mama wa chai unamfahamu?"

Kamanda alitazama viatu vyake. Alitazama pia mti wa kizuizi, kana kwamba ungemsaidia kujibu.

"Huwa namwonaona tu," alisema.

Amezaa naye watoto watatu.

"Basi kwa upole wako ungemwelekeza kwingine. Jumamosi tu. Sisi hatumnyimi mtu."

"Tatizo ubao, Daktari. Unasema msitu ni wa wote."

"Na sisi si wote?" Daktari alicheka kidogo. "Hakuna anayepinga ubao. Lakini usalama ni kitu kingine. Kukiwa na sababu ya usalama, njia inafungwa, watu wanaelewa. Nyoka, kwa mfano."

"Nyoka hawamwogopi, Daktari. Wale wanawake nyoka wanampiga na kuni, wanaendelea na hadithi zao."

"Basi tafuta kitu kisichopigwa na kuni."

Akashuka, akafungua nyuma ya gari, akatoa jaketi la kijani. Mgongoni liliandikwa kwa herufi nyeupe: MLEZI WA NJIA. Kamanda alilivaa juu ya sare, palepale, kwenye jua kali. Lilimbana kwapani. Hakulivua mpaka jioni.

*

Jumatatu chui akazaliwa. Alizaliwa mdomoni mwa Kamanda, akiwa mkubwa tayari, na meno yote.

"Nimemwona kwa macho yangu," Kamanda aliwaambia wakimbiaji. "Pale mwambani. Anakunywa maji. Akanitazama, nikamtazama. Mimi sikurudi nyuma hata hatua."

Kufikia adhuhuri chui alikuwa ameshakula mbwa. Kufikia jioni mbwa alikuwa ndama. Bibi, mama yake Kamanda, alizunguka majirani akieleza jinsi mwanawe alivyomkazia macho yule mnyama mpaka mnyama akaona aibu. Kamanda alimsikia akisema hivyo na akaona kumbe ndivyo ilivyokuwa.

Aliwaonyesha watu mti uliochanwa makucha. Michirizi ilikuwa imenyooka, imeachana sawasawa, urefu wa kifua cha mtu. Mkimbiaji mmoja mzee aliukodolea macho, akauliza, "Huyu chui anatumia reki?" Watu wakacheka. Lakini walicheka wakiwa wanarudi nyuma, maana kumcheka Kamanda ni jambo moja, na kuliwa ni jingine.

Bwana Miti, afisa wa misitu wa halmashauri, alipewa taarifa kwa simu. Huyu alikuwa mtu wa kiti. Msitu aliujua kupitia dirisha la ofisi, na lile dirisha lilitazama maegesho ya magari. "Funga hiyo njia," alisema, "mpaka nitakapopata nafasi ya kuja." Kamanda akafunga kamba, akaegemeza matawi, akasimama mbele ya kamba na jaketi lake. Kazi aliyoisubiri maisha yake yote hatimaye ilikuwa imefika, kumwambia mtu hapana na mtu huyo akageuka.

Wanawake wa kuni walilazimika kuzunguka kwa upande wa kiwanda, mbali, wakirudi na mizigo nusu. Na wale waendao kwa miguu, kwa kuwa njia ya kijito haikuwapo, walizunguka juu kwa juu na kutokea langoni walikoingilia. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye uwazi.

Mama Vikombe aliweka meza, akawasha jiko, akakaa. Chai ilichemka, ikapoa, ikachemshwa tena mpaka ikawa nyeusi kama dawa. Jioni alibeba mkate ule ule aliokuja nao. Watoto wakala mkate mkavu na mayai, siku ya kwanza kwa furaha, siku ya pili kwa mazoea, siku ya tatu wakauliza kama hakuna kitu kingine. Wiki iliyofuata hakukuwa na mkate wala mayai.

Alijaribu kuhamia langoni. Mumewe mwenyewe ndiye aliyemtoa.

"Hapa hairuhusiwi kupika, mama."

"Mama nani? Mimi mkeo."

"Nipo kazini," Kamanda alisema, chini chini, akiangalia kama kuna anayewasikia. "Kazini sina mke."

*

Usiniambie mwanamke hakumshuku mapema. Alimshuku. Lakini anayelala na mtu kitanda kimoja humpa nafasi ya kusema kweli mwenyewe, na hilo ndilo kosa kubwa la wanawake wenye akili.

"Baba watoto," alimwambia wakati wa kula, ingawa mezani palikuwa na uji tu. "Hebu niambie. Chui umemwona?"

"Kwa macho yangu."

"Akikunywa maji."

"Akikunywa maji."

"Na akakutazama."

"Mbona unaniuliza kama polisi?" Kamanda aliweka kikombe chini. "Mama, hebu mwambie mkwe wako."

"Alikiona kile kinyama na kikaona haya," Bibi alisema kwa fahari, huku akikwangua sufuria. "Baba yake pia alikuwa hivyohivyo. Macho makali."

"Basi mimi na watoto tunakula macho," Mama Vikombe alisema.

Kamanda akakohoa. Alikuwa na habari ameihifadhi, akaona ndio wakati wake. "Nimekutafutia kazi. Daktari anahitaji mtu wa kuwafulia watu wa klabu nguo zao za matembezi. Nimekuombea. Ulidhani nimekaa tu?"

"Amenijua mimi ni nani?"

"Nimemwambia kuna mama mmoja namfahamu, mwaminifu."

Mama Vikombe aliinuka. Alikusanya vikombe, akavisugua kwa nguvu kana kwamba vikombe ndivyo vilivyomkosea.

Jumamosi mchana Kamanda alikuja na furushi. Suruali, fulana, na zile soksi ndefu, chungu nzima. Mkewe aliketi uani na beseni, akaingiza mkono kwenye soksi ya kwanza kuigeuza, akauchomoa haraka. Soksi ilikuwa imejaa kishonanguo, zile mbegu nyeusi za kuchoma zinazong'ang'ania nguo kama ndugu aliyesikia umepata mshahara. Soksi ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa na matope ya kijivu kisiginoni.

"Baba watoto! Watu wa klabu siku hizi wanatembelea wapi?"

"Uwanja wa mpira," Kamanda alijibu kutoka ndani. "Wanazunguka uwanja."

"Uwanja wa mpira una kishonanguo?"

"Viwanja siku hizi havitunzwi," Kamanda alisema.

Mama Vikombe alichomoa zile mbegu moja moja, akizitupa uani. Kila mtu anajua kishonanguo kinapenda njia iliyoachwa. Wanawake wa kuni walikuwa wanakikanyaga kila siku pale kijitoni, hakikupata kuinua kichwa. Sasa kilikuwa kimefika magotini, kwa ushahidi wa soksi za Daktari na wenzake. Vidole vilimuuma. Alifua soksi zote zikawa nyeupe, akazianika kwenye kamba, akazitazama zinavyoning'inia. Kisha akafunga kanga, akaenda kumtafuta mmoja wa wanawake wa kuni, mwanamke mnene mwenye kicheko ambaye wote walimwita Shangazi, na wakaongea kwa muda mrefu wakiwa wameinamiana.

*

Ofisini kwa Bwana Miti alikaa benchi mpaka watu wawili waliokuja baada yake wakaingia kabla yake. Alipoitwa, afisa alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Nimekuja kwa habari za chui, mheshimiwa."

"Amekula mtu?"

"Bado."

"Basi si dharura, mama. Andika jina lako hapo nje."

"Najua siku na saa anayotoka."

Kifuniko kikasimama sikioni. "Unajuaje?"

"Mimi ni mke wa Kamanda wa lango. Kila Jumamosi asubuhi chui yuko mwambani, jua likishapanda kidogo. Wala hajifichi. Ukienda na simu yako, unampiga picha amekaa."

Bwana Miti alisimama. Sijui kama aliwahi kusimama kabla ya hapo saa za kazi. Usoni mwake mtu ungeweza kusoma kila kitu: picha, wakubwa wanaipokea, wageni wanakuja na magari kumwona chui, halmashauri inatoza kiingilio, Bwana Miti anapewa ofisi yenye dirisha linalotazama kitu kingine.

"Chui ni rasilimali, mama," alisema kwa sauti nzito. "Watu hawaelewi. Akithibitika, msitu mzima nitaufunga kwa wananchi. Kuni, kukimbia, maombi, vyote basi. Tutajenga uzio."

Hilo Mama Vikombe hakuwa amelipigia hesabu. Alikuja kufungua njia moja, na mwanamume huyu anataka kumfungia msitu wote, na akiufunga, meza yake haitakuwa na pa kusimama hata siku moja. Angeweza kusema kweli palepale. Lakini nani angemwamini, mke wa mlinzi dhidi ya daktari na klabu yake? Bwana Miti angepiga simu, simu ingepokewa na daktari, na mambo yangeishia kwenye kicheko kizuri cha watu wanaofahamiana.

"Na asipothibitika?" aliuliza.

"Asipokuwepo, nafungua njia siku hiyohiyo. Mimi ni mtu wa haki."

"Basi njoo uone kwa macho yako, mheshimiwa. Usimwambie mtu, utamfukuza."

*

Jumamosi Bwana Miti alikuja amevaa viatu vya ofisini. Alimkuta Mama Vikombe upande wa kiwanda, pamoja na Shangazi na wanawake wa kuni, na Bibi naye, aliyesikia safari na kukataa kubaki. "Niende nikaone mahali mwanangu alipomfedhehesha mnyama," alisema, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia.

"Hawa wote wa nini?" afisa aliuliza.

"Chui akikurukia, mheshimiwa," Shangazi alisema, "utataka watu wa kupiga kelele."

Bwana Miti akaona ni jambo la busara. Akawaruhusu watangulie.

Walipita nyuma, wakateremka kuelekea kijitoni. Kishonanguo kilikamata suruali ya afisa mpaka magotini, naye akawa anasimama kila hatua kujikung'uta. Kabla ya kufika mwambani walisikia sauti. Bwana Miti akainua simu.

"Ananguruma," alinong'ona.

"Anacheka," Mama Vikombe alisema.

Wakatokea.

Juu ya mwamba palikuwa pametandikwa mkeka mkubwa. Watu wa Pumzi Safi walikuwa wamekaa, kofia zimewekwa pembeni, miguu majini, soksi nyeupe zimekunjwa vizuri kando. Daktari wa Meno alikuwa ameegemea mto. Katikati yao, amepiga magoti katika jaketi la kijani, alikuwa Kamanda. Ana chupa ya chai mkono huu, vikombe mkono huu, anamimina. Alimimina taratibu, bila kumwaga tone, akauliza, "Sukari, Daktari?"

Mama Vikombe alisimama hapo hapo. Maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumwona mwanamume huyu akijimiminia hata maji ya kunywa. Na ile chai ilikuwa nyepesi, hata kwa mbali ilionekana.

Bibi ndiye aliyetangulia kusema. "Mwanangu, unafanya nini hapo?"

Kamanda alisimama ghafla. Chai ikammwagikia kwenye viatu.

"Mama! Mnafuata nini huku? Hapa ni hatari!"

"Daktari," Bwana Miti alisema, huku ameishusha simu. Walifahamiana kweli, Daktari ndiye aliyemziba jino mwaka uliopita. "Njia hii imefungwa. Kuna chui."

"Ah, Bwana Miti." Daktari aliitoa miguu yake majini bila haraka. Sauti ilikuwa ileile ya kukuambia haitauma. "Tunafahamu. Ndiyo maana tupo. Tulijitolea kusaidia kufuatilia. Kama wadau."

"Mmevua viatu," Shangazi alisema.

"Ili tusimshtue."

Wanawake wa kuni wakaanza kucheka, kile kicheko cha kuumwa mbavu. Bwana Miti alikuwa ameanza kuwa mwekundu masikioni. Mtu unaweza kumdanganya kwa simu akakaa salama kwenye kiti chake, lakini huyu alikuwa ametembea, na suruali yake imejaa mbegu.

"Nyamazeni! Mimi nauliza mara moja," alisema. "Kama chui yupo, msitu mzima naufunga leo, na ninyi wa klabu mtatoka kama wengine. Kama hayupo, njia hii inafunguliwa kabla ya mchana, na mtu ataeleza. Yupo, hayupo?"

Daktari alimtazama Kamanda. Kamanda alimtazama Daktari. Akamtazama mkewe pia, na kwa muda kidogo, nadhani, alikuwa karibu kusema. Kisha akaangalia mgongo wa jaketi lake, kwa shingo iliyopinda, akavuta pumzi.

"Alikuwepo," alisema. "Amehama. Sasa hivi tu, kabla hamjafika. Sote tumemwona, ameshaondoka na hatarudi. Siyo, Daktari?"

"Kabisa," Daktari alisema. "Tumemwona akiondoka. Mkubwa."

"Ameelekea wapi?" Mama Vikombe aliuliza.

Kamanda alinyoosha mkono wake, imara, kama kamanda kweli, kuonyesha upande wa milima. Na Daktari wa Meno, kwa nia njema ya kumsaidia, alikuwa ameshanyoosha wake kuelekea barabarani.